Maranda ya Babu Gavril

Cluj, 6 Oktoba 2019

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unapofungua bahasha hii goti lako limetulia na kuni zimeshaingia ndani kabla ya baridi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kabla hujauliza: ndiyo, soksi za sufu ninazivaa. Muuza stempu hapa mtaani ameshanizoea. Anadhani nina mchumba jeshini.

Uliniuliza karakana yetu ni kitu gani hasa, maana jirani yetu Bibi Mărioara amekuambia ni mahali wanafunzi wanapochezea umeme mpaka wanaungua. Mwambie bado hajaungua mtu. Ni ukumbi mkubwa chini ya maktaba ya chuo. Kuna meza ndefu, majiliwa, misumeno, mashine ya leza inayokata mbao kwa mwanga, na nyingine inayochapa vitu vya plastiki kama ile ya ofisini inavyochapa maneno. Mwanafunzi yeyote anaingia, anatengeneza anachokiota. Msimamizi, Bwana Horea, ana sheria mbili tu: vaa miwani, na safisha ulipochafua.

Mlangoni kuna sanduku tunaloliita Sanduku la Bure. Ukiwa na kipande usichokihitaji, unakitia humo, na kikishaingia si chako tena. Yeyote anachukua bila kuuliza. Nusu ya vitu vizuri vya karakana vilizaliwa katika sanduku lile.

Kazi yangu ya muhula ni kutengeneza kitu kimoja cha mbao ngumu. Wenzangu wameshaletewa. Cosmin, kijana wa meza ya pili, baba yake amemletea mbao za mti wa jozi, nzima nzima, kwa gari. Mimi nina plaiwudi ya sanduku la friji. Lakini usijali, nitaipaka rangi.

Nisalimie kuku wote na Bibi Mărioara.

Mjukuu wako,
Ilinca


Poienița, 14 Oktoba

Mjukuu wangu Ilinca,

Marahaba. Mimi sijambo, goti halijambo, jogoo tu ndiye hajambo kupita kiasi, na Jumapili ataingia chunguni. Barua yako imefika ikiwa na pembe moja imekunjwa. Enzi zangu za utarishi ningeinyoosha kwa pasi kabla ya kumpa mwenyewe. Tarishi wa siku hizi anakuja na pikipiki, anatupa barua juu ya ukuta kama anawalisha mbwa.

Plaiwudi. Nimelisoma neno hilo nikaenda kunywa maji. Mtoto wa nyumba hii hawezi kusimama mbele ya walimu na sanduku la friji.

Jumatano Grigore wa basi atapita getini pa chuo chenu. Atakuachia ubao wa mwaloni, mrefu kunipita, mkavu mpaka unalia ukiugonga. Nimeuviringisha kwa kitani cha bibi yako na kuandika jina lako juu ya kitani kwa herufi ambazo hata kipofu atazisoma, maana najua jinsi vitu vinavyopotea njiani. Umefungwa pamoja na kikapu: mafuta ya nguruwe ya moshi, vitunguu, jamu ya plamu, na mkate wa Mărioara. Wagawie na wenzako. Mtu halali njaa mbele ya mwaloni.

Usiulize ubao umetoka wapi. Tengeneza kitu cha kukalia.

Babu yako,
Gavril


Cluj, 23 Oktoba

Babu mpendwa,

Shikamoo, na pole na baridi. Ubao umefika salama. Ni mzuri sana, kila mtu ameusifu. Chakula pia kimefika na tumekila chote.

Nimeamua kutengeneza kiti. Nimeshaanza kukata. Samahani kwa barua fupi, kuna majaribio wiki hii.

Mjukuu wako,
Ilinca


Poienița, 2 Novemba

Ilinca wangu,

Natumaini majaribio yamepita na wewe umebaki mzima. Huku jana tulikuwa makaburini na mishumaa. Upepo uliizima ya kila mtu isipokuwa ya bibi yako. Hata upepo unamwogopa, kama sisi tulivyokuwa tukimwogopa. Nilimwambia unatengeneza kiti.

Sasa, nilikuambia usiulize ubao umetoka wapi, nawe hukuuliza. Jambo hilo halijawahi kutokea tangu ulipoanza kusema. Basi nitasema mwenyewe, kwa kuwa umeshakata na huwezi kuurudisha.

Umetoka darini. Unazijua zile mbao juu ya boriti, nilizokuwa nakufukuza usizikalie ulipokuwa mdogo. Zilipasuliwa kutoka mwaloni ulioanguka nyuma ya kanisa, na nikaziweka mwenyewe zikauke pamoja nami. Zilikuwa sita, za nyumba yangu ya mwisho. Usishtuke, usilie. Nimepanda na kulala juu yake kujipima, Mărioara akishika ngazi na kunitukana, na tumeona wote wawili kwamba nimefupika. Tano zinanitosha. Afadhali wa sita ukaliwe na watu wanaocheka.

Nina ombi moja tu. Unajua desturi yetu. Mbao za namna hiyo zikipigwa randa, hakitupwi kitu. Maranda yote yanaingia kwenye mto wa mwenyewe, chini ya kichwa chake. Ya bibi yako uliyaokota wewe kwa ndoo ya maziwa, ukatambaa mpaka chini ya kabati kutafuta la mwisho. Wanasema kinachobaki nje kinamwamsha mtu akitafute. Mimi siamini sana, lakini nimetembea maisha yangu yote kupeleka vitu vya watu. Nikishalala sitaki tena kuamka kwa ajili ya vipande vyangu.

Kwa hiyo yakusanye, uyatie mfukoni, uje nayo Krismasi. Au mpe Grigore.

Babu yako


Poienița, 20 Novemba

Ilinca,

Hujambo? Theluji imeanguka. Nimeambiwa mafua yanazunguka huko mjini. Kama unaumwa, mwambie mtu aniandikie maneno mawili, hata yule Cosmin wa jozi.

Kama ni kwa sababu nilikutisha na habari za mbao, nisamehe. Sisi wazee tunazungumza mambo haya kama watu wanaozungumza bei ya viazi, tunasahau kwamba nyinyi bado mna damu ya moto. Kiti kikalie bila woga. Lete maranda tu.

Babu


Cluj, 28 Novemba

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Sikuumwa, kazi ilikuwa nyingi.

Nimempa Grigore mfuko. Ni maranda ya mwaloni. Umejaa.

Jitunze na barafu mlangoni.

Ilinca


Poienița, 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolai

Mjukuu wangu, mboni ya jicho langu,

Nakuandikia kwa kalamu mpya niliyojinunulia leo kwa furaha. Mfuko umefika! Grigore aliuweka kiti cha mbele, akaufunga mkanda kama abiria. Niliuchungulia, nikatia mkono ndani mpaka kiwiko. Nilisema moyoni, mtoto huyu hakuacha hata moja.

Mărioara ameshona mto siku hiyo hiyo. Ametumia foronya ya harusi, ile yenye mishono myekundu pembeni, na amekataa nimpe chochote. Alilia kidogo, akasingizia kitunguu, ingawa hakukuwa na kitunguu. Jumapili baada ya ibada nilisimama mlangoni mwa kanisa nikawaambia wote. Nikasema, watu wanasema watoto wakienda chuo wanatusahau, wanaona haya hata kututaja. Wangu ana mashine za mwanga kule, lakini alipiga magoti akaokota maranda ya babu yake kati ya wasomi wote. Padri alinishika bega. Dumitru, ambaye mwanawe hajapiga simu tangu Pasaka, alitazama viatu vyake, na nilijuta kidogo kumwumiza, lakini kidogo tu.

Jana mchana niliulalia kuujaribu. Unachoma kidogo sikioni, lakini unanukia vizuri. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu bibi yako aondoke. Mărioara alinipigia dirisha akidhani nimeshakwenda.

Sasa sina deni na mtu. Njoo Krismasi, jogoo mwingine anajitia kiburi.

Babu yako mwenye furaha,
Gavril


Cluj, 10 Desemba

Babu,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuamkia, lakini sijui kuanza barua kwa namna nyingine.

Usiulalie ule mto. Tafadhali. Maranda yale si yako.

Nitakueleza tangu mwanzo na sitajitetea. Nilipofika chuo mwaka jana niliwaambia wenzangu kwamba mimi ni mtu wa mjini, wa Baia Mare, na kwamba tuna nyumba yenye lifti. Hakuna aliyenilazimisha. Waliniuliza tu, na nikaona haya kutaja Poienița, kwa sababu siku ile ile walikuwa wamemcheka msichana mmoja kwa jinsi anavyotamka maneno yake, na anatamka kama sisi.

Siku ubao wako ulipofika, Grigore alimwachia bawabu, na bawabu akauegemeza mlangoni mwa karakana. Nilipokuja niliwakuta wameuzunguka. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yamepenya kwenye kitani na ukumbi mzima ulikuwa unanuka moshi. Cosmin alikuwa anasoma maandishi yako kwa sauti, kwa lafudhi ya kijijini, na watu wanacheka: Kwa Ilinca, mjukuu wa Gavril wa Posta, Poienița, asikose mbao. Akanigeukia. Akasema, "Ilinca, hii ni yako?"

Nikasema, "Hapana. Labda ya yule Ilinca mwingine, aliyeacha chuo."

Babu, nilisema haraka, kama mtu aliyekwisha kujiandaa. Bwana Horea akasema basi, kama hauna mwenyewe, uende Sanduku la Bure. Ubao haukuenea sandukuni, wakauegemeza pembeni. Kitani nilikichukua kwa kisingizio cha kufutia meza, na kimekaa chini ya godoro langu tangu siku hiyo.

Kikapu walikifungua pale pale, nasi tukala. Mimi pia nilikula. Nilikula mkate wa Bibi Mărioara na jamu yako, na kila mtu alipokuwa anasifu, nami nikasifu. Nilisema, kumbe watu wa huko milimani wanajua kupika. Nimejaribu kujisamehe mengine, lakini hilo linanirudia kila ninapotia kitu mdomoni.

Ubao haukukaa hata siku mbili. Kulikuwa na sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, na vijana wa leza walihitaji mbao nzuri. Waliupasua ukawa vipande vyembamba, wakavikata vibao vidogo vya kuning'iniza funguo, vyenye nembo ya chuo, mamia ya vibao, wakavigawa getini. Nilikuwepo. Nilivishika nikavitoboa matundu, kwa sababu waliniomba niwasaidie.

Kisha barua yako ya tarehe mbili ikaja. Niliisoma kwenye ngazi za maktaba, na nilitamani ardhi ipasuke. Nilikimbilia kwa Bwana Horea kumwuliza kuhusu vumbi na maranda. Akanionyesha mfuko mkubwa wa mashine ya kufyonza. Humo kuna plastiki, msonobari, plaiwudi, nywele, kila kitu cha kila mtu, na hata huo ulikuwa umeshamwagwa mara kadhaa.

Ndipo nikafanya baya zaidi. Msichana mmoja alikuwa anapiga randa meza yake ya mwaloni, nikamsaidia kufagia. Ndiyo uliyoyalalia. Ni maranda ya meza ya mtu usiyemjua. Nilidhani utaweka mfuko kabatini na mambo yataishia hapo. Sikujua utamwita Bibi Mărioara. Sikujua utasimama mlangoni mwa kanisa.

Kiti hakuna. Nina kigoda cha plaiwudi kilichopakwa rangi ya kijani.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu usiweke kichwa chako pale.

Ilinca


Cluj, 27 Desemba

Babu,

Kristo amezaliwa.

Hujaandika, na nimeelewa. Nimebaki bwenini Krismasi hii. Nilifika kituo cha basi, nikamwona Grigore anapakia mizigo, nikarudi. Sikuwa na uso wa kupita mbele ya kanisa.

Nimekuwa nikitafuta vibao. Nilianza kabla ya likizo. Namsimamisha mwanafunzi mpya, namwomba kibao chake cha funguo, naye ananiuliza kwa nini. Mwanzoni nilisema ni cha maonyesho. Kisha nikaona nadanganya tena, kwa ajili ya jambo lile lile, basi nikaanza kusema kweli: kimetoka kwenye mbao za jeneza la babu yangu, na mimi nilimkana. Mmoja alipiga ishara ya msalaba akakitupa chini kama kimemwunguza. Mwingine alicheka mpaka nikacheka naye, halafu nikalia, akanipa leso. Msichana mmoja wa udaktari alikataa kabisa. Alisema amefaulu mitihani yote tangu akipate na hakitoi.

Habari imeenea. Cosmin alikuja mezani pangu. Nilijua atanitania na nilikuwa tayari, lakini aliweka kibao chake mbele yangu na kusema, "Ungesema tu ni yako. Tungecheka kidogo, yakaisha." Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nina vibao vya kujaza kofia. Havitoshi hata kuwa kipande cha ubao. Nitaendelea.

Kama goti linakuuma, mwambie Bibi Mărioara aniandikie. Huna haja ya kuandika mwenyewe.

Ilinca


Poienița, 12 Januari 2020

Ilinca,

Mimi ni mzima. Goti ni goti.

Barua yako ya tarehe kumi ilifika ikiwa imenyooka, nikaisoma nimesimama. Kisha nikaiweka chini ya saa, na kila nilipotazama saa niliiona. Nilikasirika, mjukuu wangu. Sitakuficha. Nilikasirika Krismasi nzima, na jogoo nikamwacha hai kwa kuwa sikuwa na hamu ya kula.

Ubao haukunikasirisha. Ubao nilishautoa, na kilichotolewa kimetoka. Wala vibao. Acha kuwasimamisha watoto wa watu. Mimi nimezunguka milango yote ya bonde hili na mkoba begani. Ubao wangu nao uzunguke, ufungue milango. Nikiamka kuutafuta, angalau nitauona mji. Yule wa udaktari mwambie kibao ni chake, na asome.

Kilichoniuma ni mkate. Ulikula chakula cha nyumbani kwako ukakisifia kama cha mtu baki. Kwa hilo nilizunguka chumbani kama mtu aliyepoteza miwani.

Lakini kuna kitu nami nakionea haya, na sipendi wewe uwe peke yako katika hili. Nilikuwa najua. Kiangazi kilichopita ulishuka kwenye gari la rafiki zako kule darajani, ukawasubiri waondoke ndipo ukapanda kilima kwa miguu na begi lako. Nilikuwa dirishani. Ulipoingia ukasema basi limeharibika, nikasema pole. Kwa hiyo nilipoandika zile herufi kubwa kwenye kitani, sikuziandika kwa sababu ya kipofu. Niliziandika ili wakusome. Nilitaka kukuumbua, na nikajiambia nakuletea mbao. Mzee mzima.

Mto uko kwenye benchi. Siulalii. Mărioara sijamwambia kitu. Kila siku anauliza kama unachoma sikio, nami nasema kidogo. Pale kanisani natoka kwa mlango wa pembeni.

Sasa sikiliza. Jumanne Grigore atakuletea ubao wa pili. Zinabaki nne, na kwa nne itabidi niende nimekunja magoti, lakini hilo niachie mimi. Nimeuviringisha kwa shuka, na maandishi ni makubwa kuliko yale. Kikapu ni kile kile. Nimemwambia Grigore asimwachie bawabu. Ataingia mpaka karakana, atasimama mlangoni, ataita jina lako na langu na la kijiji, kwa sauti anayoitia abiria. Ukisema si wako, aurudishe.

Babu yako,
Gavril wa Posta


Cluj, 2 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini unaisoma ukiwa umekaa, na goti liko karibu na moto. Mimi ni mzima, mzima kweli.

Grigore ametekeleza kila ulichomwagiza na akaongeza chake. Alisimama mlangoni na kofia kichwani, akaita, "Ilinca, mjukuu wa Gavril wa Posta, wa Poienița! Ana mzigo!" Mashine zote zilizimwa, nadhani walidhani ni zimamoto. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimejitayarisha maneno tangu Jumapili, lakini yote yakanipotea, nikabaki na mawili.

Nikasema, "Ni wangu."

Nikavuka ukumbi wote kuufuata. Ni mzito, Babu. Wa kwanza sikuwahi hata kuuinua, ndiyo maana sikujua. Cosmin alishika upande wa pili bila kuulizwa, tukauweka juu ya meza yangu na maandishi yakitazama juu, na sikuyafunika. Kikapu nilikifungua mwenyewe. Nilikata mkate nikawagawia, na kila aliyesifu nilimwambia aliyeuoka ni jirani yetu Mărioara, kwamba ana ulimi mkali, na kwamba aliyenilea ni babu yangu tarishi, katika nyumba yenye choo cha nje. Wengine walicheka. Nami niliona haya mpaka jasho likanitoka, lakini nilikula.

Nimeupiga randa kwa mkono. Bwana Horea aliniambia mashine ingemaliza kabla chai haijapoa, nikamweleza kwamba mashine inafyonza na kuchanganya. Alinitazama, akaenda akaleta randa yake mwenyewe kutoka nyumbani. Nilitandika shuka lako sakafuni na kitani cha marehemu Bibi juu yake. Kila aliyepita alikung'uta viatu kabla ya kuondoka. Cosmin alikuta kipande kimoja cha maranda kwenye mkunjo wa suruali yake akiwa bwenini, akakirudisha ndani ya bahasha.

Siku ya maonyesho wenzangu waliweka meza zao, taa zao, na kiti kimoja kinachojikunja. Mimi niliweka ubao. Profesa aliuliza kazi iko wapi. Nikamwambia kazi ni hiyo, ni ubao mmoja kati ya mbao sita za jeneza la babu yangu, haujakatwa wala kugongwa msumari, na unarudi kwa mwenyewe. Alipitisha kiganja juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema atafikiria alama. Sijazipata bado, na huenda zisiwe nzuri.

Jumamosi nakuja na Grigore. Ubao utalala katikati ya viti na mfuko nitaushika mapajani. Sitashuka darajani, nitashuka mbele ya kanisa, na ni siku ya soko, watakuwepo wote. Zitakuwa tano tena. Magoti yako yatanyooka.

Mto usiufumue. Uache hapo hapo kwenye benchi mpaka nifike, nataka niufumue mimi, na nimweleze Bibi Mărioara mwenyewe maranda yale yalikuwa ya nani. Mwambie aje na mkasi.

Mjukuu wako,
Ilinca wa Gavril wa Posta